Kufufua Land Rover Kuukuu: Ushauri kwa Mzazi na Kijana wa Gisenyi

Kufufua gari kuukuu ni kazi mbili ambazo katika mazungumzo ya gereji huchanganywa mara kwa mara: urejeshaji, yaani kulirudisha gari katika hali inayokaribia ile liliyotoka nayo kiwandani, na ubadilishaji, yaani kuliongezea au kulipunguzia vitu ili lifae matumizi ambayo waliolibuni hawakuyakusudia. Mzazi wa Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, anayeamua kuzifanya kazi hizo pamoja na mwanawe aliye kati ya miaka 13 na 17 huongeza juu ya hizo kazi ya tatu, nayo ni malezi, na mara nyingi hii ya tatu ndiyo inayoharibika kwanza, kwa sababu gari lililokwama huweza kusubiri mwaka mzima chini ya turubai, ilhali kijana aliyekwishachoka kushika tochi huku mzazi akifungua nati hasubiri. Makala haya yanatetea kanuni moja inayoweza kuziongoza kazi zote tatu: hatua zipangwe kwa kupima kama kosa litakalotokea linarekebishika, ili yanayorudishika yatangulie na yawe mikononi mwa kijana, na yasiyorudishika yacheleweshwe mpaka wote wawili wawe wamelijua gari vya kutosha.

Mfano utakaotumika ni Land Rover ya kizazi cha Series, jina linalojumuisha magari yaliyotengenezwa na kampuni ya Rover ya Uingereza kuanzia 1948, yalipooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili, hadi Series III ilipokoma mwaka 1985. Katikati zilikuwapo Series II ya mwaka 1958 na IIA ya mwaka 1961. Gari hilo lina historia katika ukanda huu wa volkeno. Dian Fossey, mtafiti wa sokwe wa milimani, alifika upande wa Kongo mwanzoni mwa 1967 akiwa na Land Rover kuukuu aliyoipa jina la Lily, kabla ya kuhamia Rwanda na kuanzisha kituo cha Karisoke mwezi Septemba mwaka huohuo. Nchini Kenya magari hayo yaliunganishwa katika kiwanda cha Leyland mjini Thika kuanzia miaka ya 1970, na mjini Arusha, mwezi Oktoba 2024, lilifanyika tamasha lililowakutanisha wamiliki wa mamia ya Land Rover, jambo linaloonesha kwamba ujuzi wa kuzitengeneza haujafa Afrika Mashariki. Kinyume chake, mjini Gisenyi, ambako barabara zimetawaliwa na Toyota, Land Rover ya Series imekuwa kitu cha kugeuziwa shingo, na mwenye kuimiliki ajue mapema kwamba mafundi wengi wa mjini watakuwa wakiifungua kwa mara ya kwanza sawa na mwanawe.

Swali la kwanza, ambalo hutangulia hata lile la bei, ni upande wa usukani. Rwanda, kama Kongo na Burundi, huendesha upande wa kulia wa barabara, na kwa hiyo magari yake huwa na usukani kushoto. Tangu mwaka 2005 serikali imeweka zuio kwa magari yenye usukani wa kulia, ilhali Uganda, Kenya na Tanzania, ambako Land Rover zilizosalia ni nyingi zaidi, hutumia magari ya aina hiyohiyo iliyozuiwa. Hapa muundo wa Series humsaidia mnunuzi kuliko magari mengi ya umri wake. Sampuli ya kwanza kabisa ya Land Rover, iliyojengwa mwaka 1947, ilikuwa na usukani katikati, kwa kusudi la kukwepa gharama ya kutengeneza matoleo mawili, na ingawa wazo hilo liliachwa, fikra yake ilibaki: ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria ulitayarishwa kupokea pedali na usukani upande wowote, na katika Series I hadi IIA saa za dashibodi hukaa katikati, hivyo hazihitaji kuhamishwa. Kuhamisha usukani basi kunawezekana kwa vipuri vilevile vya kiwandani: boksi ya usukani, mhimili wake, vyuma vinavyoufikisha mwendo wake kwenye magurudumu, visanduku vya pedali za breki na klachi pamoja na mirija yake. Wengi hukumbuka hayo yote wakasahau taa za mbele, ambazo katika gari la nchi za kushoto hurusha mwanga wake wa chini kuelekea kushoto, na zikiachwa hivyo nchini Rwanda zitampofusha kila dereva anayekuja.

Kuwezekana kwa fundi, hata hivyo, si kuruhusiwa na sheria. Kabla ya kulipa hata malipo ya awali, mzazi aende na nakala ya nyaraka za gari kwa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda na kwa kitengo cha polisi kinachokagua magari, aulize kama gari lililogeuzwa usukani litasajiliwa na kwa masharti gani, na aombe jibu la maandishi. Jibu la mdomo la ofisa mkarimu halitakuwa na nguvu mbele ya ofisa mwingine miezi kumi na minane baadaye. Kijana aende naye. Gari lililokwisha kusajiliwa nchini lina kadi ya njano, ambayo mjini huitwa kwa jina lake la Kifaransa, carte jaune, nayo hubeba namba ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima. Namba hiyo haina budi kulinganishwa na ile iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe, ambayo katika Series II, IIA na III hutafutwa upande wa kulia mbele, karibu na mahali springi inaposhikizwa. Brashi ya waya na mafuta kidogo ya taa hutosha kuifichua. Namba zikipishana, biashara iishie hapo, hata gari likiwa zuri kiasi gani.

Ukaguzi wa chuma ndio mahali pa kutumia muda mwingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kiligawiwa kwa kibali nchini Uingereza, na Rover ililazimika kutumia aloi ya alumini kwa bodi, uamuzi uliozaa gari ambalo ngozi yake haishiki kutu huku mifupa yake ikioza kimyakimya. Mnunuzi asiyejua hutazama bodi, akaiona nzima, akaridhika. Anayejua hulala chini. Hugonga chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, akisikiliza mlio: chuma kizima hulia kwa ukali, kilichooza hudidimia kwa sauti ya bubu, na sehemu za kushuku zaidi ni boriti ya nyuma kabisa, mikono inayobeba bodi na viungo vya springi. Kisha huchunguza ule ukuta wa mbele wa abiria, hasa nguzo za milango na pembe za miguu, kwa kuwa umetengenezwa kwa chuma na hukusanya maji. Pale alumini inapogusana na chuma huku kukiwa na unyevu, hutokea uozo wa kigalvani, yaani hali ambamo metali mbili tofauti hufanya kazi ya betri ndogo na ile dhaifu, ambayo hapa ni alumini, huliwa na kugeuka unga mweupe. Jirani na volkeno ya Nyiragongo, ambayo moshi wake wa salfa huweza kuifanya mvua iwe na asidi, uozo wa aina zote mbili hauna sababu ya kwenda polepole.

Kijana apewe sumaku katika ukaguzi huo. Haitashika kwenye alumini, na ikishika kwenye mabawa ya mbele, maelezo ya kawaida ni mawili: ama yalibadilishwa kwa bati la kawaida, ama gari ni Minerva, Land Rover iliyotengenezwa kwa leseni mjini Antwerp kuanzia 1952 kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, ikiwa na bodi ya chuma na mabawa ya mbele yaliyolala mteremko. Atakayekutana na Minerva katika eneo hili afute mpango wake wote wa ubadilishaji, kwani kilicho adimu kiasi hicho hurejeshwa tu.

Kuhusu mgawanyo wa kazi, kuna utafiti uliofanyika Afrika ambao wazazi wangefaa kuufahamu. Mwanaanthropolojia Jean Lave alichunguza mafundi cherehani wa Kivai na Kigola nchini Liberia, akaona kwamba wanagenzi hawakuanza na hatua ya kwanza ya kutengeneza nguo, bali walianza mwisho: kushona vifungo na kupinda kingo, kisha kuunganisha vipande, na mwisho kabisa kukata kitambaa. Sababu ni ya kiuchumi kama ilivyo ya kielimu, kwa maana kifungo kilichokaa vibaya hutolewa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya kimepotea. Katika kitabu alichoandika na Etienne Wenger mwaka 1991, mtindo huo uliingizwa katika nadharia ya ushiriki wa pembezoni, yaani hali ya mwanafunzi kuanzia kwenye ukingo wa kazi huku kile anachokifanya kikiwa kazi halisi inayohitajika, wala si zoezi la kumpumbaza. Uhalisi huo ndio unaosahauliwa na wazazi wengi. Kumtuma kijana kuleta spana si ushiriki. Kumwachia mota ya waipa aifungue yote, aisafishe, aipake grisi, aikusanye na aijaribu kwenye betri ni ushiriki, na mota ikiharibika hasara yake ni ndogo.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa kijana uwe wa vitu vinavyofunguka kwa bolti: taa, waipa, viti, bawaba za milango, dainamo, staata, kabureta. Series imejengwa kwa bolti kiasi kwamba mtu mwenye seti moja ya spana hufika mbali, ila ajue kwamba gari la enzi hizo hutumia vipimo vya inchi na kwamba spana ya milimita inayokaribia kutosha huipasua pembe ya nati. Kila kinachofunguliwa kipigwe picha kabla, kiandikwe kwenye daftari, na bolti zake ziingie katika mfuko wenye jina. Daftari lishikwe na kijana peke yake, pamoja na namba ya kila kipuri kama ilivyo katika kitabu cha vipuri cha kiwanda. Muuzaji wa Kampala, fundi wa Kigali aliyesomea kwa Kifaransa na fundi wa Gisenyi anayezungumza Kiswahili cha Goma hukiita kipuri kilekile kwa majina matatu, lakini namba haibadiliki. Yote haya yanawahusu mabinti sawasawa na wavulana, na mzazi anayempa binti kazi ya kufuta vumbi huku kaka yake akipewa kabureta asishangae kazi nzima ikipoteza mikono miwili mizuri.

Kuna mambo ambayo kijana hapaswi kuyagusa, na hapa ushauri uwe wa wazi. Viatu vya breki na sahani za klachi za zamani vilitengenezwa kwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambazo zikivutwa hubaki kwenye mapafu na huweza kuleta saratani baada ya miongo kadhaa. Vumbi la ngoma ya breki lisipulizwe kwa hewa ya kompresa wala kwa mdomo, bali lilowanishwe, lifutwe kwa kitambaa na kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, kwa hiyo msasa utumike pamoja na maji. Tangi la petroli katika Series nyingi liko chini ya kiti, hatua chache kutoka mahali ambapo mtu atataka kuchomelea, nalo litolewe na kupelekwa mbali kabla cheche yoyote haijawashwa, kwani tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Rangi za kisasa zenye kigumishi hutoa isosianeti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu, na kuzipuliza ni kazi ya fundi mwenye barakoa inayostahili, si ya kijana aliyejifunga leso puani. Gari lililoinuliwa kwa jeki likae juu ya stendi kabla mtu yeyote hajaingiza kichwa chini yake, na mawe ya lava, ambayo mjini Gisenyi hayapungui na ambayo gereji nyingi hupenda kuyatumia, si stendi, kwa sababu yana matundu na hupasuka ghafla.

Breki ndizo za kurejeshwa mapema kuliko injini, ingawa karibu kila mtu hutamani kusikia injini ikinguruma kwanza. Jiografia ya Rubavu hailei tamaa hiyo. Mji umekaa ziwani Kivu kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460, na barabara ya kwenda Musanze na Kigali hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 maeneo ya Mukamira, maana yake kila safari ya kurudi nyumbani humalizikia kwa mteremko mrefu. Series ina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, ambamo viatu viwili husukumwa nje kukandamiza kuta za ndani za ngoma inayozunguka. Zikitumiwa mfululizo ngoma hupata joto, hutanuka ikaviacha viatu nyuma, na pedali huzama huku gari likiendelea kwenda. Zaidi ya hapo, matoleo mengi ya awali yana njia moja tu ya mafuta ya breki, kwa hiyo mrija mmoja ukipasuka magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Kufunga masta silinda yenye njia mbili, pamoja na kisaidizi cha breki kinachotumia mvuto wa hewa ya injini, kama kiwanda kilivyofanya katika baadhi ya Series III, ni ubadilishaji unaostahili kuja kabla ya mwingine wowote, na ni ubadilishaji unaorudishika, kwa kuwa vifaa vya awali vinaweza kufungwa tena mahali pake. Mirija yote ibadilishwe bila kubishana, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa sababu hufyonza maji kutoka hewani na maji hayo huchemka katika mteremko huohuo ambamo breki zinahitajika.

Kuhusu injini maneno machache yatatosha. Ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, iliyofungwa katika Series nyingi, ina nguvu za farasi 70 hivi ikiwa pwani. Kwenye ufuo wa Kivu hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na kwenye milima ya Nyabihu kwa karibu asilimia 20, kwa hiyo injini hupoteza nguvu kwa kiasi kinacholingana, na kabureta iliyopimwa kwa hewa ya Mombasa humimina petroli nyingi kupita kiasi. Dalili yake ni plagi nyeusi zenye masizi na harufu ya petroli kwenye moshi. Tiba ni kufunga jeti ndogo zaidi, yaani kipande cha shaba chenye tundu linalopima petroli, na kijana anayeibadilisha, akaendeshwa hadi Mukamira, akatoa plagi na kuzisoma rangi, amejifunza zaidi kuhusu hewa na moto kuliko atakavyopata katika kurasa nyingi za kitabu cha fizikia. Kichujio cha hewa cha asili, ambacho huipitisha hewa juu ya bakuli la oili ili vumbi linase, kisiondolewe kwa ajili ya kile cha karatasi kinachong'aa. Vumbi la volkeno ni kali kama msasa, na oili ya bakuli hilo hubadilishwa kwa gharama ndogo. Katika umeme, jambo la kuthibitisha kabla ya kununua redio au alteneta ni kama gari ni la zamani kuliko karibu mwaka 1967, kwa kuwa mengi ya wakati huo yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume na magari ya leo, na kifaa cha kisasa kikiunganishwa humo bila kugeuza mfumo huungua papo hapo.

Ubadilishaji ndio unaomvutia kijana, na mzazi asiudharau. Mafundi wa Afrika Mashariki wana mazoea ya miaka mingi ya kuondoa injini ya petroli na kufunga dizeli ya Kijapani, na kwa mtu anayelihitaji gari kwa kazi ya kila siku hoja zao zina uzito. Lakini boksi ya gia ya Series na shafti zake za nyuma zilipimwa kwa injini dhaifu, na nguvu mpya hupita kwenye vyuma vilevile mpaka kimojawapo kikatike. Ukuta na chesisi hukatwa ili injini ikae. Na namba ya injini hubadilika, jambo linalopaswa kuingizwa kwenye kadi ya njano. Hiyo ni mikato mitatu isiyorudishika kwa mpigo mmoja. Kugeuza gari kuwa la umeme, kama ilivyowahi kufanya kampuni ya Nairobi iliyoitwa Opibus na sasa Roam kwa magari ya watalii, kunahitaji betri zenye volti zinazoua, na nyumbani hakufai. Yaliyobaki ni mengi na ya kupendeza: mikanda ya usalama yenye nanga halisi kwenye chuma, taa zenye mwanga wa kutosha, overidraivu, yaani gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini kwenye barabara ndefu, viti vinavyoegemeza mgongo, turubai badala ya paa la bati. Yote hayo hufungwa kwa bolti na hufunguliwa kwa bolti. Sharti moja litoshe: kabla ya kutoboa tundu jipya, yule anayetaka kulitoboa aandike daftarini kwa nini matundu yaliyopo hayamfai.

Rangi ni suala la pekee, kwa sababu humo mzazi na kijana hugombana bila kuwa na hoja ya kiufundi. Mzazi atataka kijani cha giza chenye paa jeupe la maziwa, kijana atataka nyeusi isiyong'aa. Rangi hupakwa upya. Chesisi iliyokatwa haipakwi ikarudi. Kwa kanuni ya makala haya, basi, rangi ni ya kijana, mradi aitafute bei yake, aandae uso wa alumini kwa rangi ya msingi inayoshika metali hiyo, na mabadiliko yaandikishwe pale kadi inapotaja rangi nyingine.

Kalenda ya Rwanda huisaidia kazi hii kwa namna ambayo wapangaji wengi hawaioni. Mwaka wa masomo huanza Septemba na kuishia Julai, kwa hiyo likizo ndefu huangukia kiangazi, majira pekee ambayo chesisi tupu inaweza kukaa nje bila kushika kutu upya na rangi ikakauka bila kunaswa na mvua. Kutenganisha bodi na chesisi kuanze wiki ya kwanza ya likizo au kuahirishwe mwaka mzima. Likizo fupi za Desemba na Aprili, ambazo huja na mvua au baada tu ya mvua, ni za kazi za mezani. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi ni ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, na fundi aliyeahidi kufika mapema siku hiyo hakuangalia kalenda.

Vipuri hutafutwa Gatsata mjini Kigali, kisha soko la Kisekka mjini Kampala, kisha Nairobi, na njia fupi ya kutoka Kampala hadi Rubavu hupita mpaka wa Cyanika na Musanze. Goma, iliyo umbali wa kutembea kwa miguu, ilikuwa chaguo la kwanza la watu wengi wa Gisenyi kwa kila aina ya spea, lakini tangu mji huo ulipotekwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2025 si busara kuupanga mradi wa miaka miwili kwa kutegemea mpaka ambao hali yake huamuliwa na vita. Fedha zigawanywe katika bahasha mbili, moja ya mambo ya lazima ambayo mzazi ndiye msemaji wake, na nyingine, hata ikiwa ndogo sana, ambayo kijana ataitumia bila kuomba ruhusa na bila kulaumiwa akinunua kisichofaa. Lawama moja juu ya bahasha hiyo inatosha kumrudisha kwenye kushika tochi.

Gari likikamilika litakwenda kwenye ukaguzi wa polisi, ambako breki hupimwa kwa mashine, na taa na usukani huchunguzwa. Mzazi ndiye atakayeliendesha hadi huko, kwa sababu leseni ya gari hutolewa kuanzia miaka 18, lakini maswali ya mkaguzi yaelekezwe kwa mwenye daftari, na likikataliwa kijana ndiye apewe karatasi ya kasoro, aipange kwa kufuata uzito wake na aamue kipi kianze. Wapo watakaotamani kulipeleka Arusha, kwenye tamasha kama lile la 2024. Safari hiyo hupitia mpaka wa Rusumo, nayo inahitaji bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania huitambua ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo, na ambayo haina uhusiano na kadi ya njano ya usajili licha ya kufanana jina. Baada ya daraja la Rusumo magari huhamia upande wa kushoto, na sehemu ya kioo cha taa, zilizokwisha kurekebishwa kwa barabara za Rwanda, itabidi izibwe kwa utepe wa gundi ili zisiwapofushe wanaokuja. Dereva aliyeketi kushoto hataliona gari linalokuja mpaka awe amekwisha kutoka nyuma ya lori analotaka kulipita, kwa hiyo kijana aketi kiti cha kulia, mwenye kuiona barabara mbele awe yeye, na mzazi asilipite lori lolote kabla hajaambiwa kwamba njia ni nyeupe.